Kuwaandikisha Mbwa wa Mke Wangu

Mke wangu tulimzika Migwani, kwenye shamba la baba, na siku chache baadaye mbwa wake akazaa. Tulikuwa tumesharudi Kitui mjini, mimi na mama yangu, ambaye alikataa niishi peke yangu. Asubuhi hiyo mama alitoka nyuma ya nyumba kuanika nguo, akarudi na beseni lingali limejaa.

"Ile ngiti imezaa," akasema. Alimwita hivyo tu, kwa Kikamba, kama mbwa mwingine yeyote. "Watoto watano, na wote wako hai."

Nikaenda kuangalia. Jike alikuwa amelala juu ya magunia kwenye banda ambalo nilimjengea mke wangu kwa mabaki ya mbao. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anakuja, kisha akalaza kichwa. Watoto walikuwa weusi, macho yamefungwa, wamejibana tumboni mwake. Nilijua hapo nilipaswa kuhisi jambo fulani. Nikasema, "Ni vizuri," nikaenda kufungua duka.

Mimi nauza mbao. Mbwa hakuwa wangu na sikuwahi kumtaka. Alikuwa mbwa wa Kijerumani, aina ile inayotumiwa na polisi, na mke wangu alimleta nyumbani akiwa mdogo pamoja na cheti cha ukoo wake. Cheti kilionyesha baba, mama, na mababu waliozaliwa nchi ambazo sisi hatujafika. Mke wangu alifundisha shule ya msingi. Jioni akitoka kazini alikuwa akimtembeza mbwa barabarani na majirani wakimtania kwamba anampeleka mkwe wake matembezi. Kisha siku moja akaanguka darasani, mshipa ukiwa umepasuka kichwani, na hospitalini hakuzungumza tena.

Sikulia. Hospitalini sikulia, na kaburini sikulia. Kina mama wa kanisa walinishika mikono wakaomba, na mmoja akaniambia machozi yatakuja yenyewe. Nikamshukuru. Nilikuwa nakula nikiambiwa nile.

Aliyenikumbusha habari ya kuandikisha ni mwenye dume aliyempanda yule jike, mtu wa Makindu anayeuza vipuri vya malori. Alinipigia simu nikiwa dukani namkatia mteja mbao.

"Pole tena, ndugu yangu," akasema. "Nimesikia wamezaliwa. Sasa, marehemu mkeo alitaka waandikishwe kwa chama. Wakipita umri hawaandikiki, na kazi yote aliyofanya itakuwa ya bure."

"Sijui hayo mambo yanaendaje."

"Piga simu Nairobi, chama cha wafuga mbwa. Mimi niko tayari kutia sahihi. Nitafute tu."

Nikapiga. Sauti ya mwanamke kijana ikanieleza taratibu: fomu ya kuzaliwa kwa watoto, sahihi ya mwenye dume, sahihi ya mwenye jike, kisha mkaguzi atakuja nyumbani.

"Wewe ndiye mwenye jike?"

"Ni mke wangu."

"Basi yeye ndiye atatia sahihi."

"Amefariki."

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na mlango ukifungwa. "Pole sana, mzee," akasema. "Itabidi jike aandikwe kwa jina lako kwanza. Tutahitaji cheti cha kifo."

Hicho sikuwa nacho. Nilikuwa na kibali cha mazishi tu, kimekunjwa mfukoni mwa koti la suti. Kesho yake nikapanga foleni kwenye ofisi ya vyeti. Karani aliniuliza uhusiano wangu na marehemu, nikamwambia mimi ni mumewe, akaandika bila kuinua macho. Nilipenda namna yake. Mbele yangu palikuwa na msichana amebeba mtoto mchanga, amekuja kuchukua cheti cha kuzaliwa. Tulingoja kwenye benchi moja, na mtoto akashika kidole changu muda mrefu. Sikukiondoa wala sikumchezea.

Jumamosi nikaendesha pikapu hadi Makindu kupitia Mutomo na Kibwezi. Nchi yote ilikuwa kavu, ng'ombe wamesimama kando ya barabara bila kutafuta chochote. Sikuwasha redio. Mwenye dume nilimkuta mbele ya duka lake, mtu mnene mwenye kofia ya sala na mikono ya grisi. Aliinawa kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kunisalimia, kisha akatia sahihi juu ya boneti ya gari langu.

"Njoo umwone baba yao," akasema.

Dume alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Alininusa viatu, akainusa suruali yangu juu mpaka chini, akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

"Amesikia harufu ya jike kwako," yule bwana akasema. "Mkeo alipomleta alikaa hapa, kwenye tairi hilo, siku nzima. Nilimwambia aende nyumbani kwangu akapumzike na bibi yangu, akakataa. Alisema mbwa ni mgeni hapa, hawezi kumwacha. Mchana tukaenda kule hekaluni kwa Makalasinga, wale Wahindi wa vilemba, wakatupatia chakula. Alifurahi sana. Alisema atakuleta siku moja, maana wewe husafiri ila kwenda kufuata mbao."

Kwangu hakuwahi kutaja hekalu. Aliniambia tu kwamba kazi ilikwenda vizuri.

Nilipoondoka nikapita huko. Nikavua viatu, nikafunika kichwa kwa kitambaa walichonipa, nikala dengu na chapati nimeketi chini pamoja na madereva wa malori. Mzee wa kilemba akaniongezea chapati bila kuuliza. Nikala yote, na kama ungeniuliza ladha yake nisingeweza kukwambia.

Cheti cha kifo kilipotoka nikapeleka karatasi Nairobi, na mkaguzi akaja. Alikuwa mama wa makamo, amevaa buti za mvua ijapokuwa hapakuwa na mvua. Watoto walikuwa tayari wanakimbia, masikio mengine yamesimama na mengine bado. Aliwainua mmoja mmoja, akafungua midomo, akapapasa matumbo na mikia, akawachoma shingoni sindano nene inayoingiza chipu ya kuwatambulisha. Mama yangu alisimama kando, mikono kiunoni.

"Sasa hawa wakiandikishwa wataenda shule?" akauliza.

"Hapana, mama," mkaguzi akajibu kwa upole. "Ni ili ijulikane wametoka kwa nani."

Mama akaishusha mikono.

Dume mmoja alikuwa na korodani moja tu. Mkaguzi akasema huyo ataandikishwa, lakini hataruhusiwa kuzalisha. Kisha akaniuliza majina. Yalitakiwa yote yaanze na herufi moja, na herufi ya uzao huu ilikuwa M. Sikuwa nimefikiria. Nikataja vitu nilivyoshinda navyo dukani: Msumari, Msumeno, Msasa, Mbao, Mvule.

"Hayo ndiyo majina?"

"Ndiyo."

Akayaandika. "Na jina la banda? Mfugaji huwa na jina lake, linatangulia majina ya mbwa wote anaowazalisha. Marehemu alitupigia simu akasema amelichagua, atalituma."

Hilo sikulijua. Nikampigia binti yetu, ambaye alikuwa amerudi kazini Mombasa. Naye hakulijua. Akaanza kulia kwenye simu, akisema angemuuliza, angemuuliza mambo mengi. Nikamwacha alie mpaka akanyamaza. Nilipokata simu nikamwambia mkaguzi aendelee bila jina la banda.

"Lakini mfugaji anabaki marehemu mkeo," akasema. "Ndiye aliyempandisha jike. Wewe ni mmiliki tu."

Vyeti vikaja katika bahasha ya kaki. Nilivifungua juu ya kaunta, kati ya misumari na gundi. Kila kimoja kilikuwa na muhuri, rangi, jinsia, ukoo wa pande mbili, na chini, mahali pa mfugaji, majina matatu ya mke wangu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Mama alikuja dukani kuniletea chai. Nikamsomea. Akaketi juu ya rundo la mbao, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti mpaka wateja wakasogea mlangoni. Nikamwekea mkono begani. Nilikuwa natazama chai, naona inapoa.

Watoto walichukuliwa mmoja baada ya mwingine. Yule wa korodani moja mama alimpeleka Migwani, na anasema analinda kuku vizuri. Wa mwisho kuondoka alikuwa Msasa, jike mdogo, aliyechukuliwa na mwalimu kutoka mji wa Wote. Mwalimu alisoma cheti chote amesimama uani, kwa makini, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Huyu mfugaji ndiye mama wa hapa?"

"Ndiye."

"Amewatunza vizuri sana. Mwambie asante."

"Nitamwambia," nikasema.

Akamweka mbwa ndani ya gari, juu ya blanketi, akaenda. Jike alikimbia mpaka langoni, akasimama. Nilifunga lango, nikamwita. Hakuja. Nikaleta sufuria ya ugali na dagaa, nikaiweka chini pale pale alipokuwa, nikaketi karibu naye juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka alipoanza kula.