Kikapu cha Jirani

Nilipoolewa, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulihamia chumba cha juu kwenye gorofa moja mjini Kisii. Vyumba sita, veranda moja, bomba moja la maji chini uani. Kwetu Nyaramba nilizoea kujua jirani anapika nini hata kabla hajaipua. Hapa tulitenganishwa na ukuta tu, na bado nilikaa miezi miwili bila kumjua mwanamke wa chumba cha pili.

Nilimwona ana maringo. Kila Jumamosi nikitoka kuanika nguo, mlango wake umefungwa, na kwetu anayefunga mlango mchana ni mchoyo anayekula peke yake. Kumbe yeye ni Msabato, Jumamosi anashinda kanisani. Mimi Mkatoliki, Jumapili nafunga wangu, naye akipita ananihukumu vivyo hivyo. Watu wazima wawili, tumenuniana kwa sababu ya kwenda kusali!

Kilichotupatanisha ni mafuta ya taa. Ijumaa moja alasiri yalimwishia kwenye stovu, maji ya ugali hata hayajachemka, na jua likishatua Sabato imeingia, hapiki tena. Akabisha kwangu. "Mama, nisaidie moto. Jua linanikimbia." Nikaipua chai yangu, naye akasonga ugali wake wa wimbi palepale, jasho likimtoka, macho dirishani kila akigeuza mwiko. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alipomaliza alinikatia fungu, akanipa ndani ya ekee, kile kikapu chetu cha ugali.

Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nilikirudisha na ndizi, kikaja na maharagwe, kikaenda na mayai. Kwa miaka mitatu kilivuka veranda ile, na sikumbuki kikikaa wiki nzima kwa mmoja wetu. Nilipojifungua, mama yangu akiwa mbali, ni yeye aliyemwogesha mtoto wangu mpaka kitovu kikakatika. Nilimpenda sana. Sikuwahi kumwambia, nilidhani kikapu kinatosha.

Mara ya mwisho kilikuwa kwangu. Yeye alikulia kijijini, Kenyenya, akazoea wimbi ya shambani, na alikuwa akilalamika kwamba wimbi ya sokoni ina mchanga. Nikaamua safari hii nimfurahishe. Nikakiacha juu ya kabati, nikaenda Nyaramba kumsaidia mama kuvuna, nimletee wimbi ya shambani. Nilikaa huko wiki tatu.

Niliporudi, mlango wake ulikuwa wazi na chumba kitupu, kimefagiwa. Mumewe, karani wa serikali, alipewa uhamisho wa ghafla kwenda Pwani. Lori liliwachukua siku tatu kabla sijafika.

Fundi cherehani mzee aliyeshona chini ya ngazi ndiye aliyenieleza. "Alisimama mlangoni kwako muda mrefu, mwanangu. Nikamwambia mumeo yuko ndani, aingie achukue kikapu chake. Akakataa. Akasema, 'Nikikichukua kitupu, itakuwa tumemalizana.'"

Nilikaa ngazini na mfuko wangu wa wimbi, nikalia bila haya. Ujinga wangu ulioje! Ningekirudisha hata na kitunguu kimoja kabla ya safari, angalau ningekuwa nimeuona uso wake. Baadaye niliulizia ofisini kwa mumewe, nikaambiwa amehamishwa tena, na hawajui wapi.

Sasa mimi ni mzee, nimerudi kijijini, na sijapata jirani mwingine wa namna ile. Kikapu kiko juu ya kabati. Kila mavuno naitoa wimbi ya zamani, natia mpya. Wajukuu wakikosa unga wa uji hunionyesha kule juu, wananiambia, "Bibi, si kuna wimbi pale?"

Nawaambia waende dukani. Ile ina mwenyewe.