Jua la Saa Tatu Usiku

Niliondoka Newburg, hapa Louisville ninapoishi, kwa sababu ya shangazi yangu aliyebaki kambini Kigoma. Alikuwa ameacha kupokea simu za Esperansi, Mkongomani aliyeolewa na mwanawe Yona. Hao wawili wanakaa Buffalo, na Yona anafanya kazi ya usiku kiwandani Tonawanda. Shangazi ana desturi ya kuamka usiku wa manane kusali. Siku moja akapiga simu ya video baada ya sala. Buffalo ilikuwa jioni ya kiangazi. Akaambiwa Yona ameshakwenda kazi ya usiku, naye anaona jua linawaka ukutani nyuma ya Esperansi. Akaamua kwamba mwanawe amefukuzwa nyumbani na anafichwa jambo. Yona alipompigia mwenyewe, mama yake akamwambia, "Umefundishwa maneno."

Simcheki. Kwetu kambini jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na ukisema "saa tatu usiku", usiku umo humo ndani ya neno. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa nilidhani simu yangu imeharibika saa.

Esperansi aliniomba nipige zile picha nyingi zinazounganishwa kuwa video fupi, mchana ukigeuka usiku, ili shangazi aone. Kamera ninayo, niliinunua ikiwa imetumika, na nimewahi kupiga mawingu juu ya apatimenti zetu. Lakini mawingu hayana mama mkwe. Sikuwa na hakika kama naweza.

Columbus, njiani kwenda Buffalo, nilishuka basi mchana. Nilikwenda kwa Elisha, tuliyesoma naye kambini, ambaye sasa hupiga picha za harusi. Aliitazama video yangu ya mawingu.

"Unaweka kwenye oto, kamera ijiamulie?"

"Naweka."

"Ndiyo maana yanapepesa kama taa ya baa."

Alinieleza, nami nikaandika nilichoelewa. Kamera isiachiwe kuamua, kwa sababu kila picha itaamua lake. Ulengaji ufungwe, rangi ya mwanga ifungwe kwenye jua la mchana, tundu la lenzi lisiguswe. Anza na spidi ya haraka, lenzi ifunguke na kufunga upesi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe ya chini kabisa. Giza likiingia, punguza spidi kidogo kidogo, klik moja moja ya gurudumu la kamera; spidi ikifika mwisho ndipo upandishe ISO. Mwisho wenyewe ni huu: kama unapiga picha kila sekunde kumi, lenzi isikae wazi kupita sekunde sita au saba, la sivyo picha moja itaikuta nyingine mlangoni.

"Na usiogope ukaruka klik tatu," alisema. "Video itaonekana imepigwa kofi."

Buffalo, mtaa wa West Side, nyumba yao ni ya mbao, ya zamani, ina baraza mbele.

"Karibu, shemeji," Esperansi alisema. "Bon, ule mama yenu anasema miye niko muongo. Donc jua likiwaka, ni miye nimefukuza bwana?"

"Si mama yangu, ni shangazi."

"Ni yenu tu."

Yona alitoka chumbani akipikicha macho. "Sijafukuzwa," aliniambia. "Nina usingizi tu."

Jioni niliisimamisha kamera pembeni mwa baraza, ione barabara na mbingu. Kisha nikafanya jambo lililonifanya nijione mjanja: nilitoa saa ya ukutani jikoni nikaitundika kwenye nguzo, iwe shahidi. Yona akashuka ngazi na kopo lake la chakula, wenzake wakamchukua kwa gari. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Baadaye mtoto wao, Neema, akalala kwenye mkeka pale barazani.

"Anaharibu picha?" Esperansi aliuliza. "Nimutoshe hapa?"

Nilimwambia amwache. Sikuwaza lolote kubwa, niliogopa tu kwamba mbao zitatikisa kamera. Jua likazama. Nikaenda na klik zangu, nikaruka mbili mahali pamoja kwa wasiwasi, na taa za barabarani zikawaka.

Kesho yake jioni Yona alikuwa ameshaondoka tena. Video ilikuwa haifiki dakika moja. Nilimtumia shangazi, nikampigia kwa simu yangu, na kwa kuwa ni mimi akapokea. Esperansi aliketi kando akisikiliza.

"Saa gani hiyo inakimbia hivyo?" shangazi alisema. "Mbovu. Mmeleta saa mbovu kutoa ushahidi."

"Picha zimeharakishwa, shangazi."

"Nani kaziharakisha?"

"Mimi."

"Haya. Na Yona yuko wapi?"

"Anapita hapo mwanzoni."

"Sijamwona."

Nilirudia kutazama. Yona alikuwa ameingia kwenye picha mbili kati ya mamia. Alipita kama inzi. Ningekuwa shangazi, nisingeamini pia.

"Shemeji," Esperansi alisema polepole, "umekuja kunimaliza."

Shangazi alikuwa akiitazama tena. Tukasikia jogoo kwake.

"Huyu nani hatikisiki?"

"Neema," Esperansi alijibu kabla yangu. "Amelala, mama."

"Watu wote wanaruka kama panzi, yeye yuko palepale mpaka giza. Amekula?"

"Amekula, ameoga. Ilikuwa usiku, mama."

"Na jua lote lile usoni?"

"Huku ndivyo linakaa."

Shangazi akasema, "Mwanangu, mtoto halazwi juani. Tundika pazia nene. Na la chumba cha Yona pia, kama kweli analala mchana." Hakusema kwamba anaamini.

Asubuhi nilipoondoka, vitenge viwili vilikuwa vimetundikwa madirishani. Columbus nilimweleza Elisha, akacheka, akanilaumu kwa klik mbili, nami nilistahili. Nilichojifunza ni kuangalia kwanza mashine inafuta nini: Yona, niliyetumwa kumwonyesha akienda kazini, ndiye iliyemfuta. Nilipofika Newburg nilikuta ujumbe wa Yona. Mama yake alikuwa amempigia Esperansi, kwa namba ya Esperansi, kuuliza kama pazia linafika chini.