Jino Jeupe la Mama Mkwe

Mama mkwe wake ndiye aliyempa jina la Kiguu-na-njia, tena harusi haijapoa, na jina likamganda. Daktari wa meno gani huyu asiyejua kukaa? Chai anainywa amesimama. Simu anaizungumza huku anapanga glavu. Hata akiinama juu ya mgonjwa, mguu wake mmoja unagongagonga sakafu kama unadai kuondoka. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na watu walimpenda kwa hilo. Sindano yake huisikii, walisema.

Zamani watu walimjia na maumivu. Siku hizi walimjia na simu. "Daktari, nataka kama haya," wanamwambia, wakimwonyesha picha ya mtu wasiyemjua, meno yamelingana kama vigae vya bafuni. Huyu anataka kung'arishwa, yule anataka kunyooshwa kwa plastiki isiyoonekana ili kazini wasijue, mwingine anataka meno yake mazima yachongwe na kubandikwa maganda ya kaure. Naye, asije akaachwa nyuma na wenzake, akaleta mashine ya kisasa inayokupiga picha mdomo na kukuonyesha kwenye kompyuta utakavyokuwa ukishatengenezwa. Watu walitoa macho. Hata yeye aliipenda, Mungu amsamehe, maana ilikuwa na haraka kama yeye.

Sasa huyo mama mkwe alikuwa mwanamke wa kicheko. Sisemi tabasamu, nasema kicheko! Akianza jikoni, jirani naye anacheka bila kujua kinachochekwa. Siku moja akavunja jino la mbele kwenye mfupa wa kuku, akaja kliniki ameshika kipande mkononi, na bado anacheka.

"Mkwe wangu, kuku amelipiza kisasi!"

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unalichonga jino lililobaki, unachukua vipimo, fundi anakutengenezea kofia ya kaure, unaivalisha. Ila kuna jambo moja ambalo kila daktari wa meno analijua tangu chuoni: rangi inachaguliwa mwanzo kabisa, meno yakiwa bado yana mate. Ukishamwachamisha mtu na kumpulizia hewa, meno yanakauka, na jino likikauka linakuwa na weupe wa uongo. Likilowana tena linarudi kwenye rangi yake. Kiguu-na-njia alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini asubuhi ile chumba cha kusubiria kilijaa, simu ililia, akaanza kuchonga. Alipokuja kukumbuka rangi, mama mkwe alikuwa ameachama hadi taya zinamuuma. Basi akachukua vijino vya mfano vya kupimia rangi, akavilinganisha na jino la pembeni, akasema, "Hii hapa, twende."

Kofia ilipokuja, siku ya kuivalisha pia meno yalikuwa yamekauka chini ya taa. Kila kitu kikalingana. Wakapongezana, mama mkwe akaenda zake.

Jumapili Kiguu-na-njia na mumewe wakaenda kumsalimia. Mlango ulipofunguliwa tu, akaliona. Jino lile lilikuwa limesimama peke yake mdomoni, jeupe pee, na mengine pembeni yake yamerudi kwenye rangi yao ya miaka yote, manjano kidogo, rangi ya mtu mzima aliyekunywa chai yake vizuri. Mumewe akatupa mzaha, mama yake akacheka. Lakini mkono ukaenda mdomoni, ncha ya mtandio ikafuata, na kicheko kikafia humo humo ndani ya kitambaa.

Kiguu-na-njia akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba avioshe. Akaviosha, akavipanga, akavipangua, akavipanga upya.

Baada ya hapo hakutulia. Kama zamani hakukaa kwa sababu ya kazi, sasa hakukaa kwa sababu kila akikaa anauona ule mkono ukipanda. Nitampigia kesho, alijiambia. Kesho ikawa kesho kutwa. Na hofu yake haikuwa jino, jamani, jino linatengenezeka. Hofu yake ilikuwa kumwambia mama mkwe, kati ya watu wote duniani, kwamba ameharibu kazi kwa haraka. Tangu ameolewa anaambiwa, "Hiyo haraka yako ipo siku itakuumbua." Alikuwa radhi ameze kijiti cha kuchokolea meno kuliko kumpa bibi yule ushindi huo.

Mwishowe mama mkwe akaja mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, safari hii bila mzaha wowote.

"Nataka unitengeneze na haya mengine," akasema. "Yale maganda mnayowabandika watu. Machafu haya, mkwe wangu. Nimeyasugua kwa chumvi mpaka fizi zinatoka damu, hayatakati. Kumbe miaka yote nilikuwa nakaa mbele za watu na meno haya!"

Mashine ikampiga picha, na kwenye kompyuta akatokea yeye na safu nyeupe tupu, hakuna linalozidi jingine. Akainyooshea kidole ile picha.

"Hivyo hivyo," akasema.

Na ilikuwa rahisi, hebu fikiria! Mteja ameomba mwenyewe. Mjini kote ndicho kinachotakiwa. Angeyachonga yale mengine, angeyafunika yalingane na lile lililokosewa, na kosa lingezikwa chini ya kaure, hakuna wa kulifukua. Lakini jino likishachongwa halioti tena, na haya yalikuwa meno mazima, yaliyovunja mifupa tangu daktari mwenyewe hajazaliwa. Kiguu-na-njia akafungua droo, akaifunga. Akaenda dirishani, akarudi. Akashika kile chombo cha kuchongea, akakiweka. Akairudisha taa juu ya mdomo, akaziona zile fizi, nyekundu, zimechubuka kwa chumvi.

"Mama, meno yako si machafu."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Ni mimi nilikosea. Rangi ya lile jino nilitakiwa niichague mwanzo, kabla meno hayajakauka. Nikaichagua mwisho, likatoka jeupe mno. Haya mengine hayana kosa lolote. Niliona tangu ile Jumapili, nikanyamaza."

"Kwa nini uliichagua mwisho?"

"Nilikuwa na haraka."

Akaushusha uso, akasubiri ule msemo. Haukuja.

"Nimeacha kucheka," mama mkwe akasema taratibu. "Wajukuu zangu wananiuliza, bibi, tumekukosea nini?"

Ingekuwa heri angempiga kofi. Kiguu-na-njia akasimama pale, glavu mkononi, hajui pa kuiweka mikono yake.

"Kaa," mama mkwe akamwambia.

Akavuta kigoda chake cha magurudumu, akakaa.

"Na huo mguu."

Mguu ukatulia.

"Haya. Sasa anza upya, na usisimame mpaka umalize."

Wakakigeuza kiti kuelekea dirishani, taa ikazimwa, na rangi ikachaguliwa kwanza, kwa mwanga wa mchana, mate yakiwa mdomoni. Mtu akabisha hodi kuulizia zamu yake. "Daktari amekaa!" mama mkwe akajibu kwa sauti ya kufukuza kuku, na mlango ukafungwa haraka. Ndipo ile kofia nyeupe ikakatwa, jino likavikwa ya muda, fundi akaanza kutengeneza kofia nyingine.

Kofia mpya ilipovalishwa, Kiguu-na-njia akasubiri meno yalowane, ndipo akampa kioo. Mama mkwe akajitazama, akageuza uso huku, akageuza kule, akaanza kugusa jino moja moja kwa kidole.

"Lipi?" akauliza. "Lipi ulilotengeneza?"

"Tafuta mwenyewe."

Akatafuta. Akagusa moja, silo. Akagusa jingine, nalo silo, na kicheko kikamtoka, kile chenyewe, mpaka watu wa chumba cha kusubiria wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Mkono ulipanda kwa mazoea, ukafika kidevuni, ukasimama hapo, kisha ukarudi mapajani.

Wagonjwa walikuwa wengi nje siku hiyo. Kiguu-na-njia aliwasikia, na hakuinuka.