Mchicha Uliofifia

Mama yetu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, mwaka wa ishirini na sita huu, na ukiwa na haraka usimuulize habari za mboga za majani. Mchicha wake ulisifika kwa kubaki kijani kibichi mpaka sahanini. Siri ilikuwa kijiko cha magadi, kisha maji ya kuchemshia anayamwaga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama yeye alisifiwa, akazidi kuyamwaga.

Kisha dada yangu akapata mimba, na damu yake ikawa chini. Kliniki wakampa vidonge na kumwambia ale mboga kwa wingi. Mama akajifunga kibwebwe: bakuli la mchicha mchana na jioni, vidonge juu yake, na chai ya rangi nzito ya kushushia. Mwezi ukaisha, damu haikupanda. Mkunga wa kliniki akasema akijifungua katika hali ile, damu kidogo tu ikipotea tunaweza kumkosa. Usiku ule sikulala.

Mkunga akauliza mboga inapikwaje. Mama, aliyekuwa amemsindikiza dada, akaeleza kwa madaha, akingoja sifa. Mkunga akamwacha amalize, halafu akamwambia kwa adabu kwamba magadi huua vitamini, nyingine huondoka na yale maji, na chai ya papo hapo hulizuia tumbo kuchukua madini ya damu, ya mboga na ya vidonge pia. Mboga iive upesi kwa mafuta kidogo, ikamuliwe limau, na chai isubiri mpaka zipite saa mbili baada ya kula.

Mama alinuna siku nzima. Ningekuwa mimi, ningenuna mwaka mzima. Lakini kesho yake alipika alivyoelekezwa, na dada alipotaka chai alimnyang'anya kikombe kama mtoto. Wiki sita baadaye damu ilikuwa imepanda. Dada akajifungua salama, mtoto wa kike mwenye kelele zisizo na kiasi.

Mambo yangeweza kuishia nyumbani, na heshima ya mama ikabaki palepale. Lakini pale kantini hula pia wanawake wengi, wajawazito wakiwamo. Jumatatu iliyofuata mama aliwapakulia mchicha uliofifia kwa limau, na birika la chai akalifungia kabatini. Fundi mmoja wa mitambo akauliza mbele ya foleni nzima, "Mama, mboga leo imekuwaje? Umeanza kuchoka nini?"

Nilikuwa nimempelekea unga, nikasimama mlangoni. Moyo uliniuma kwa ajili yake. Mama akaweka upawa chini.

"Sijachoka. Nilikuwa nakosea. Miaka yote hii nimewalisha rangi, na mwanangu mwenyewe nilikaribia kumpoteza kwa chakula cha mkono wangu. Kuanzia leo napika hivi. Lete sahani."

Fundi akaleta sahani. Nami nikamwambia aliyekuwa karibu yangu, bila kuulizwa, kwamba yule ni mama yangu.