Sahani ya Mgonjwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi kulikuwa na swali lililoninyima usingizi: je, ninakula kuelekea kule alikofika baba, au ninajitesa kwa njaa kwa kuogopa kufika huko? Nikilalia ubavu huu, lilikuwa na jibu moja. Nikigeuka, jibu lilikuwa jingine. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa nikiwa na macho mekundu, na wanafunzi wakadhani mwalimu wao mpya ni mlevi.

Baba alipooza upande wa kulia mwaka 2012, nikiwa chuoni. Alikuwa seremala pale kijijini kwetu Makere. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, randa ikamtoka mkononi, akainama kuiokota, hakuinuka. Presha, wakasema. Hakuwa mnene. Hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa kula alichopikiwa na kushukuru, na jambo hilo liliniogopesha zaidi, maana mimi nami nilikuwa hivyohivyo.

Mwaka uliofuata nikapangiwa kufundisha sekondari Kibondo. Kabla ya kuanza kazi ilibidi nipimwe afya. Daktari akanifunga kile kitambaa kwenye mkono, akapampu, akatazama, halafu akapampu tena. Ile mara ya pili ndiyo iliyoniharibia mwaka.

"Iko juu kidogo," akasema. "Kwa umri wako si kawaida. Kwenu kuna mwenye presha?"

"Baba."

"Basi punguza chumvi, punguza mafuta, tembea kwa miguu. Na upunguze mawazo."

Upunguze mawazo! Nilitoka pale nikiwaza namna ya kuyapunguza, na nikawaza hivyo mpaka nilipofika kwenye chumba nilichopanga, nikagundua nimepita duka nililotaka kununua mshumaa.

Nilinunua daftari. Nilisimama kwenye kile kichuguu nyuma ya shule ambako mtandao ulishika, nikasoma kwenye simu kila kitu kilichoandikwa kuhusu chakula na moyo. Daktari alikuwa amesema nipunguze. Mimi nikaandika: acha. Chumvi, acha. Mafuta, acha. Chupa ya mawese niliyotoka nayo nyumbani nikampa jirani, ambaye alinitazama kama mtu anayegawa nguo zake kabla ya kufa. Ugali, matonge kumi na mawili, yasizidi. Kisha nikaorodhesha vyakula vilivyosifiwa kwenye simu: shayiri, tufaha, mafuta ya zeituni, samaki ambao sijawahi kuwaona.

Mwenye duka mmoja sokoni, mzee wa Kitanga aliyefuata biashara huku miaka mingi iliyopita, ndiye aliyeniagizia shayiri kutoka Mwanza. Alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mzigo wako huu. Ila nikuulize, usinikasirikie. Una farasi?"

"Hapana, mzee."

"Punda je?"

"Sina."

"Basi ewe mwana wa watu, nani anakula?" Akanyoosha mkono kuelekea magunia yaliyopangwa nje, maharage ya njano, mekundu, meusi, ya madoadoa. "Mimi nimeacha bahari kufuata maharage haya. Wewe umezaliwa nayo, wayapita kama hukuyaona."

Nililipa nikaondoka. Nilijiambia hajui kusoma makala za afya.

Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa mtakatifu. Uji wa shayiri usio na chochote, maharage yaliyochemshwa kwa maji matupu, mboga iliyolainika bila ladha. Ijumaa jioni miguu ilinipeleka yenyewe nyuma ya stendi ya mabasi, kwenye banda la chips. Nilikula chips mayai nimesimama, uso ukutani ili mwanafunzi asinione, nikikung'uta chumvi mpaka mayai yakawa meupe. Jumamosi nilijiadhibu kwa kutokula. Jumatatu nilianza upya. Nilikuwa na shahada, nilifundisha watoto uzazi wa maua, na nilijificha ukutani kama mwizi wa kuku.

Baada ya muhula mmoja nilirudi kupimwa. Presha ilikuwa palepale.

"Unapunguza?" daktari akauliza.

"Nimeacha kabisa."

"Sikukwambia uache."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio. Hayakuingia ndani.

Desemba nikarudi Makere kwa likizo. Nyumbani tulikuwa wanne: mama, baba, shangazi aliyehamia kwetu kumsaidia mama kumhudumia kaka yake, na mimi. Chakula kililetwa kwenye mkeka, sinia moja, kama siku zote. Lakini baba hakuwepo mkekani. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akiwa na sahani yake ya bati iliyofunikwa kwa nyingine. Chakula chake kilipikwa kwenye sufuria dogo, pembeni, bila chumvi wala tone la mawese. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia la watu. Hakuna aliyemfukuza. Sababu zilijipanga tu, moja baada ya nyingine, mpaka akajikuta mlangoni, na huko alikuwa amekaa zaidi ya mwaka.

Siku ile tulikula ugali wa muhogo, maharage ya mawese na dagaa. Nilikuwa nimefika tonge la kumi na mbili shangazi aliposimamisha mkono wake hewani.

"Wewe, mbona midomo inacheza? Unasali?"

"Hapana, shangazi."

"Unasema nini sasa?"

Sijui kudanganya haraka. Nahitaji muda. "Nahesabu matonge."

Mama akaacha kutafuna. Kwetu mtu akihesabu matonge mkekani ujue anamhesabia mwenzake, na anayemhesabia mwenzake ni mchoyo ambaye hata mazishi yake hayajai watu.

"Unahesabu matonge yangu?" shangazi akauliza polepole.

"Yangu! Yangu mwenyewe!"

"Mawe, mama wee! Kaka, sikia habari za msomi wako. Serikali imemfundisha hesabu aje ahesabu ugali wetu!"

Baba akacheka kule mlangoni, kwa nusu ya mdomo iliyobaki na kazi. "Amefika ngapi?"

"Kumi na mbili," nikasema.

"Huyo dada yangu alishapita thelathini."

Wote wakacheka, na mimi nikachukia. Nilinawa mkono, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mama, kuanzia kesho nipakulie peke yangu. Nataka sahani yangu."

Mama hakucheka tena. Alikusanya punje za maharage zilizodondoka kwenye mkeka, moja moja. "Mwana wanje, mwanangu, katika nyumba hii mwenye sahani yake ni mgonjwa. Ninaye mmoja. Wa pili simpikii."

Asubuhi nilimtoa baba nje kuota jua. Alipokuwa anakaa, kitu kililia mfukoni mwa shati lake. Kilikuwa kiberiti, na baba havuti sigara. Nilikifungua. Hakikuwa na njiti hata moja. Kilijaa chumvi.

"Rudisha," akasema.

"Baba! Nani anakupa hii?"

"Shangazi yako. Usimwambie mama yako, ataniulia dada."

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari alisema nipunguze. Aliyesema niache ni mama yako. Nilikuwepo, si nilikuwa nimelala pale kitandani nawasikia?" Akachukua kiberiti kwa mkono wa kushoto, akakisukuma mfukoni. Ilimchukua muda. "Vidonge vyangu nameza, siruki hata siku. Lakini nimewekwa mlangoni kama mbuzi aliyefungwa, napewa udongo. Basi angalau mbuzi alambe chumvi."

"Unaweka kiasi gani?"

"Hasira inavyonituma."

Nililiwaza jambo hilo siku mbili nzima, maana hiyo ndiyo kasi yangu. Nilifikiria kile kiberiti, nikafikiria banda la chips. Mzee wa watu na mwanawe, kilomita nyingi kati yao, kila mmoja amepewa chakula asichoweza kukivumilia, na kila mmoja anaiba kingine pembeni. Baba alikula chumvi nyingi zaidi kwa siri kuliko ambayo angeipata kwenye sinia moja na sisi. Mimi vilevile. Tulikuwa tumejilinda na chakula mpaka tukakitafuta mafichoni.

Kisha nikakasirika. Hasira ile haikumlenga mama. Nilikasirikia neno moja dogo, punguza, ambalo familia nzima hatukuwa na ujasiri wa kulifuata. Kuacha ni rahisi, mtu yeyote aliyeogopa anaweza kuacha mpaka Ijumaa. Kupunguza kunataka uamue kila siku, mbele ya watu, na kesho uamue tena. Basi niliapa sitaacha chochote. Mawese nitakula, kijiko badala ya upawa. Chips nikizitamani nitakula nimekaa kwenye benchi, mchana, uso kwa watu, na mwanafunzi akipita nitamsalimu. (Januari nilifanya hivyo. Mwanafunzi akaniomba kipande cha yai, nikampa.) Na daftari nikalichana, karatasi zikawasha moto wa uji.

Siku ya soko nilimsindikiza mama kwenda kuuza ndizi. Mimi nikatangulia kurudi na lengalenga, ule mchicha wa kwetu, mafungu mawili, nyanya chungu, vitunguu na limau. Nikaingia jikoni, nikainjika maharage, sufuria kubwa peke yake. Lile dogo nililitoa nje nikaliinamisha juani.

Mama alinikuta nimepiga magoti nikipuliza moto, machozi yananitoka kwa moshi.

"Nani amekutuma jikoni kwangu?"

"Hakuna."

"Nimekusomesha uje kupika maharage? Majirani wakikuona watasema mwanamke huyu ameshindwa nyumba yake, mpaka mtoto wa kiume anashika mwiko."

"Waseme."

"Sufuria la baba yako liko wapi?"

"Leo hakuna la baba. Tunapika moja."

Akashika kopo la chumvi. Mama hupima kwa kiganja. Kiganja kizima, halafu kidogo cha kufukuzia. Nikauzuia mkono wake. Sijawahi kuuzuia mkono wa mama yangu kabla ya siku ile, na nilihisi mapigo yangu mpaka kwenye meno.

"Theluthi," nikasema. "Na mawese kijiko kimoja. Limau na vitunguu vitafanya kazi iliyobaki."

"Mgeni akija atasema kwetu chumvi imeisha!"

"Aseme."

"Na baba yako akianguka tena? Hiyo theluthi yako ikimwangusha, utasema waseme?"

Hilo ndilo lilikuwa swali langu la usiku, isipokuwa limetoka kwa mdomo wa mwingine. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia habari za kiberiti, bila kumtaja aliyekijaza, ingawa alijua papo hapo. Nikamwambia na habari za ukuta nyuma ya stendi.

Mama akakaa kwenye kigoda. Maharage yakaanza kumwagika, nikayapunguzia moto.

"Unadhani napenda kumpikia udongo?" akasema. "Kila nikigusa chumvi naona ile randa inaanguka. Naogopa, mwanangu. Basi."

"Hata mimi naogopa. Lakini tukila wote kilekile, utamwona anakula nini. Sasa hivi humwoni."

Akavuta pumzi. Akaingiza vidole kwenye kopo, akachukua chumvi kidogo, akanitazama, akarudisha nusu, iliyobaki akaitia kwenye sufuria mwenyewe. Kisha akaonja kwenye kiganja.

"Limau limezidi," akasema. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa.

Mkeka ulipotandikwa nilimfuata baba mlangoni, nikamshika kwapani.

"Wapi?"

"Mkekani."

"Kwa mkono upi, wewe?"

Shangazi akawahi kujibu. "Wa kushoto hauingii kwenye sinia, kaka. Tunakuonea huruma, lakini hata ugonjwa una adabu zake. Mletee kijiko."

"Kijiko ni cha wodini," baba akasema, akataka kurudi kwenye kiti.

Sikumwachia. Nilimkalisha, nikaleta birika na sabuni, nikamnawisha mkono wa kushoto, kucha kwa kucha. Halafu nikanawa wangu. Wa kushoto. Ule wa kulia, mzima kabisa, nikauweka mgongoni.

"Unafanya nini?" shangazi akauliza.

"Nakula."

"Mwalimu wa serikali, kwa mkono huo?"

"Mkono umeoshwa, shangazi. Umeuona ukioshwa."

Nikamega. Tonge langu la kwanza lilianguka kwenye lengalenga, la pili likafika kidevuni. Baba, mwenye uzoefu wa mwaka mzima, alimega lake vizuri, akalichovya, akala. Alitafuna muda mrefu akiutazama mkeka. Mama akalisogeza sinia upande wetu.

Nilikuwa nahangaika na vidole vyangu vizito hata sikupata nafasi ya kuhesabu. Nilipohisi tumbo limetosheka bado kulikuwa na ugali mbele yangu, nikautazama ulivyokaa pale na haukunitisha. Nikapumzika. Baadaye nikataka maharage kidogo tena.

"Haya maharage hayana chumvi," shangazi akasema, huku mkono wake unakwenda na kurudi.

"Yana inayotosha," nikasema. "Na kesho yatakuwa hivihivi." Nikachovya.