Mama Haloo na Simu Isiyo na Waya Ukutani

Sijui kwa nini niandike mimi wakati nyumba hii imejaa wasomi. Mwanangu kasema, "Mama, ni mdogo wako, unamjua wewe." Haya. Herufi zangu zikipinda, zisomeni hivyo hivyo.

Mdogo wangu tunamwita Mama Haloo. Miaka ishirini na miwili amepokea simu kwenye ofisi ya karakana ya pampu za maji, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na moja. Ana mdomo, jamani! Mtu akipiga kuulizia mpira wa pampu, kwanza ataulizwa mgonjwa wake anaendeleaje. Na kweli mgonjwa yupo.

Mwaka jana magoti yakamgomea. Ndipo mwenye karakana akaleta simu za mtandao.

"Simu itajipokea yenyewe, Mama Haloo. Sauti itasema bonyeza moja upate mauzo, mbili upate mafundi. Wewe utapumzika."

"Kwani nimekufa nipumzishwe?" Akaja kwangu kulia, kanga nzima ikalowa. Bila ile kazi, mdogo wangu angebaki kuongea na sufuria.

Wakamwomba arekodi hiyo sauti, maana wateja wameizoea. Akarekodi huku kanuna: "Haloo, hujambo?" Akanyamaza. "Za nyumbani?" Akanyamaza. "Mama naye?" Hapo akanyamaza kirefu, maana habari za mama zinataka nafasi. Zile namba za kubonyeza akazitaja mwisho kabisa, haraka haraka, kama anatema mbegu.

Basi wateja wakawa wanajibu! Wakaisimulia mashine mafua yao na mitihani ya watoto, wakaaga, wakakata. Hakuna aliyebonyeza kitu. Siku tatu mafundi wamekaa juu ya madebe wanachezea bisibisi.

Mwenye karakana akaja kwangu amefura, kaja na fundi aliyefunga mitambo. "Bibi, mdogo wako namtoa kabisa. Mwambie wewe, mimi simuwezi."

Mimi kusoma najua kidogo, kuuliza najua sana.

"Huo mtambo wenu uko wapi? Nilipopita ofisini kwenu, ukutani sikuona waya."

"Hauko ofisini, bibi," fundi akasema. "Uko mbali, kwa kampuni inayotukodisha. Simu zinapita kwenye intaneti. Popote penye intaneti, namba ya karakana inaweza kulia."

"Popote?"

"Popote."

"Hata sebuleni kwa mdogo wangu, pasipo na ngazi hata moja?"

Fundi akamtazama bosi.

"Mtambo unakaa mbali mnaulipa," nikamwambia, "binadamu akikaa mbali mnamfukuza?"

Kesho yake wakamfungia simu sebuleni. Sasa Mama Haloo anapokea mwenyewe, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akimaliza salamu anabonyeza mbili, mteja yuko kwa mafundi. Anavyojigamba, utadhani huo mtandao kaufuma yeye! Asante yangu bado sijaiona.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, mpigie. Mjibu salamu zake zote, kisha muulize ni nani aliyemwokoa. Akimtaja fundi, njoo uniambie leo leo.