Picha ya Korongo Isiyo na Mlima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Rosine Kaswera amelala kifudifudi juu ya turubai, viwiko vimezama topeni, kamera imefunikwa kitenge cha kijani. Mbele yake, kati ya mafunjo, korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu anapita na watoto wake wawili.

Anabonyeza mara tatu, kisha anajisogeza kushoto kiasi cha kiganja. Anahakikisha kwamba mlima Nyiragongo hauonekani kwenye picha.

Kwa mpiga picha wa Goma, huo ni karibu wazimu. Mlima huo umewahi kuteremsha moto hadi mjini, lakini picha isiyo nao watu hawaitaki. Rosine, mwenye miaka 39, mzaliwa wa Butembo na mkazi wa mtaa wa Mabanga, analijua hilo vizuri, maana alipiga picha za harusi kwa miaka kumi na mmoja.

“Kama mulima haionekani, familia ya Butembo batauliza: hii mariage ilifanyika wapi, mu chumba?” anasema akicheka.

Kupiga picha za ndege alikuanza kwa bahati, miaka minne iliyopita. Alikuja kupiga harusi katika hifadhi hii ndogo iliyo kando ya Ziwa Kivu, bibi harusi akachelewa saa tatu nzima. Rosine akachoka kungoja, akamgeuzia kamera ndege mdiria aliyekuwa akimeza samaki ukingoni.

“Ule hakuniuliza kama anaonekana munene,” anasema. Wiki iliyofuata alirudi bila kualikwa na mtu.

Mwaka jana akagundua kiota cha korongo chenye vifaranga wawili, na hapo mazoea ya harusi yakamponza. Akaweka kiota mbele na mlima nyuma, picha ikatoka safi, akaitia mtandaoni. Watu elfu nne waliipenda kwa siku mbili. Siku ya tano, vifaranga hawakuwepo.

Mzee Twagirimana, mlinzi wa hifadhi, alimwona mwizi kwa macho yake mwenyewe. Mtu huyo alikuwa akitembea ukingoni na simu mkononi, anautazama mlima, anaitazama simu, anasogea, mpaka mlima ukakaa kama ulivyokaa kwenye picha ya Rosine.

“Niliwaza anapenda tu foto ya mama,” anasema mzee, akikwepa macho. “Nikamusalimia. Nikamuambia hata: songa mbele kidogo, papa.”

Vifaranga wa korongo huuzwa wafugwe uani kwa wenye nazo, na hukatwa mbawa wasiruke. Hao wawili hawakuonekana tena.

“Nililia sawa mutu amefiwa,” Rosine anasema. “Ule mwizi, miye njo nilimupa njia.”

Msimu huu korongo wametaga tena. Mahali penyewe wanapajua yeye na mzee tu. Vifaranga wana wiki kumi. Zikitimia kumi na tatu hivi wataruka, na mwizi hatawaweza tena kirahisi.

Jumatatu moja mwezi uliopita, Onésime, mchapishaji wa kalenda, alimjia Rosine. Alitaka picha ya jalada kwa dola mia mbili, malipo ya harusi nne. Rosine akamwonyesha ile bora kuliko zote.

“Foto iko muzuri, mama Rosine, lakini mulima iko wapi? Hapa inaweza kuwa hata Uganda.”

“Ndiyo, papa Onésime. Inaweza kuwa hata Uganda.”

“Piga ingine, basi. Batu banapenda kuona kwao.”

“Nitapiga. Lakini kwanza batoto baruke.”

“Kalandrie inaingia imprimerie vendredi! Ijumaa hii banaichapa!”

“Basi itatoka bila sisi.”

Ilitoka bila wao kweli. Jalada lina mtumbwi. Rosine hafichi kwamba ilimuuma, kwa sababu lenzi yake imeota ukungu ndani na fedha hizo zingempatia nyingine. Lakini anasema usingizi anaupata.

Sasa kifaranga mkubwa anakunjua mbawa. Anakimbia, miguu inaachana na tope, anakwenda hewani hatua nne au tano, kisha anaangukia mafunjo kwa kishindo. Mzee Twagirimana anajiziba mdomo kwa mikono miwili asipige kelele. Rosine amesahau kabisa kubonyeza.

Mpango wake ni maonyesho ya bure Mabanga, picha zimetundikwa ukutani kwa jirani yake, ili watoto wa mtaa wawajue ndege wa kwao. Picha ya katikati bado hajaipiga.

“Siku bataruka, nitaweka mulima, nitaweka ziwa, yote,” anasema, akijipangusa tope kidevuni. “Na ule mwizi akuye, simukatazi. Akuye na simu yake, asimame pale pale, aangalie juu.”